Hedifoni Zilizoficha Pumzi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chumba cha Sauti alinivisha hedifoni hata kabla hajanionyesha kiti. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, Mji wa Kale, dirisha likitazama roshani ya jirani iliyoanikwa kanga. Kazi yetu ilikuwa kunakili: kusikiliza wazee waliorekodiwa wakisimulia maisha yao, na kuandika kila neno kama lilivyotoka kinywani.

"Wasikiaje?" akaniuliza.

Nilizipapasa zile hedifoni. Zilikuwa kuukuu, rangi ya kahawia, mito yake ya ngozi imelainishwa na masikio ya wengi. Sauti nzito zilijaa humo kama maji kisimani, na zile nyembamba, mluzi wa "s" na mikwaruzo ya koo, zikafifia. Mafundi husema sauti ya namna hiyo ina joto. Mimi niliona kama kila mzee amenilaza pajani anisimulie.

"Zimekupenda," akasema Mkuu. "Lakini angalia, zina huruma mno."

Sikumwelewa. Nilipohamishiwa tawi la Ganjoni, chini ya Mhariri Mkuu, mtu wa maneno machache, nilizibeba mkobani. Tuktuk zikipiga kelele barabarani, mimi nilifumba macho nikaelea na sauti za watu. Kuna siku nilirudi nyumbani sijui kama nimekula.

Miaka mingi ikapita hivyo, ndipo nikapewa rekodi ya Bi Rukia wa Majengo, ajuza aliyekuwa akiuza vitumbua. "Nilikuwa na mimba ya kwanza," alisema, "nikatamani kaa. Mume wangu akatoka kwenda kunitafutia. Akarudi na jeraha mguuni, likaoza. Hakupona."

Nikaandika kaa, lile la jikoni. Wajawazito wengi hutafuna makaa kama wanavyokula udongo, kwa hiyo sikushangaa. Kimvita, lahaja yetu, kinamtamka kaa wa baharini, yule mwenye magando, kwa pumzi, nasi tulimwandika k'aa, kwa alama ndogo. Kaa la moto halina pumzi, nami katika hedifoni zile sikusikia pumzi yoyote.

Kabla ya kuchapa, msimulizi husomewa maneno yake. Nilikwenda Majengo, nikamwamkia Bi Rukia, nikamsomea. Alinikatiza.

"Kaa la moto? Makaa yalikuwa tele jikoni, mwanangu. Ya nini mtu kutoka nyumbani kwenda kuyatafuta?"

"Basi ulitamani nini, Bi Rukia?"

"K'aa." Ile pumzi niliihisi shavuni. "Mamake mume wangu hakutaka mnyama yule aingie kwake. Nikamtuma mume wangu kwa siri, kwenye mikoko ya Makupa. Huko ndiko alikokanyaga gamba la chaza. Miaka yote hii sikumwambia mtu. Nimelitoa neno hili ili binti yangu alisome, yule wa mimba ile. Nawe umenigeuzia!"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliporudi kumweleza, Mhariri Mkuu alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Umekosea maneno mangapi mengine?"

"Sijui, bwana."

"Basi utajua."

Akaniwekea mezani hedifoni nyeusi zenye sauti kavu, kali kama bati. Nilianza upya, rekodi moja baada ya nyingine, na ilinichukua karibu mwaka. Mzee mmoja niliyemwandika kuwa anacheka, kumbe alikuwa akilia. Nilimsikia Bi Rukia akimeza mate kabla ya lile neno. Mara nyingi nilinyoosha mkono kuzichukua zile za kahawia, nikaurudisha.

Ukurasa uliposahihishwa nilirudi Majengo. Bi Rukia alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akataka kujisikia mwenyewe. Mkobani nilikuwa na zote mbili. Nilimvisha zile za kahawia.

Alifumba macho, midomo ikimchezacheza, mpaka rekodi ikaisha.

"Ndio mimi huyu?"

"Ndiye wewe, Bi Rukia."

"Asema kama mtu aliyesamehewa."

Sikumweleza habari za sauti nzito na nyembamba. Nilizikunja waya nikamuaga.

Mwaka uliofuata nilistaafu, nikaachiwa zile kuukuu. Nyinyi mnaoingia kazini leo huniuliza hedifoni zipi ni bora. Andikeni kwa zile kavu. Mtu akikupa neno lake, si kazi yako kumlainishia. Lakini msizitupe zenye joto, kwani sijui ningeistahimili vipi kazi ile bila miaka niliyoelea.

Bi Rukia ni marehemu sasa. Binti yake alisoma ukurasa ule. Alinijia nyumbani, akaniruhusu kubaki na nakala ya sauti ya mamake. Asubuhi, baada ya kahawa, huzivaa zile za kahawia nikamsikiliza taratibu, mpaka afike kwenye lile neno. Masikio yangu yamezeeka, na hedifoni ni zile zile. Lakini pumzi naisikia.