Neno Moja la Nayef

Bi Widad huuza mboga mtaani kwetu Beirut, na ana ulimi wa pilipili. Juzi nilikaa dukani kwake tukitazama filamu ya zamani ya vita. Ndugu wanauana, mwanajeshi anamuaga mchumba wake kwa maneno marefu, nami machozi yananilengalenga.

"Hebu ona," akasema. "Hawa wana muda wa kuongea."

Akazima televisheni. Nilikasirika, maana ilikuwa imefika patamu. Ndipo akanisimulia ya kwake.

Mwaka sabini na sita, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa na mume, Nayef, Mpalestina. Widad mwenyewe ni Mlebanoni, tena wa upande wa wale wanamgambo waliofunga barabara wakiwasaka Wapalestina. Wale washenzi hawakuamini vitambulisho. Walikuonyesha nyanya, wakakuuliza jina lake. Sisi Walebanoni husema banadura. Wapalestina husema bandora. Basi, kwa hilo tu mtu aliuawa.

Nayef alikuwa na kitambulisho cha kughushi. Wiki nzima kabla ya kuhama, mkewe alimfundisha.

"Banadura. Sema tena."

"Banadura. Mke wangu, sasa hata ndotoni naona nyanya."

Siku ya safari, kwenye kizuizi, mwanamgambo mmoja alichungulia garini, nyanya mkononi.

"Kaka, hii nini?"

"Banadura," Nayef akajibu, wala hakubabaika.

Widad akashusha pumzi. Yule mtu akamgeukia yeye, kwa mzaha tu.

"Na wewe dada, unaiitaje?"

"Bandora."

Miaka saba alikuwa amekula meza moja na Nayef. Lilimtoka tu.

Mlango ukafunguliwa. "Kumbe wewe ni wa kwao. Shuka."

"Mimi ni wenu. Tazama kitambulisho changu."

"Vitambulisho kila mtu anavyo. Shuka nimesema."

Alikwisha kumshika mkono anamvuta. Nayef angeweza kunyamaza, maana yeye alishapita.

"Mwache," akasema, safari hii kwa lafudhi ya kwao. "Hiyo bandora kaitoa kwangu."

Wakamshusha yeye. Hata kuagana hawakuagana, na hakurudi tena.

Niliona haya kwa yale machozi yangu ya filamu. Mara akaingia mteja mgeni, akaomba kilo mbili za banadura.

"Hakuna," Bi Widad akamjibu, mkono juu ya kreti lililojaa nyanya. "Hapa tunauza bandora."