Dereva wa Wageni Aliyefukia Makumbi Paje

Asubuhi hii, ndege ya Nairobi inatua Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja. Borafya Silima anatoka garini, anaiweka sawa kofia yake ya kiua, kisha anapangusa kioo alichokwisha kukipangusa mara mbili. Wageni wake huwajua bila ya kuambiwa. Ni wale wanaobaki wakiangaza macho wakati wengine wote wamekwisha kupokewa na jamaa zao.

Leo ni mwalimu mmoja na mkewe. Wanakwenda Paje, kwenye nyumba ya pwani ya Bwana Darwesh, tajiri wa Shangani anayewakodishia watu wanaotaka kupumzika. Borafya anapakia mizigo, anawafungulia mlango, na kabla ya kutia gari moto anageuka nyuma.

"Bwana, Bibi, niwieni radhi. Ufukweni mtaona mafungu ya mawe. Msiyaguse. Hata moja."

Anayasema kwa Kiingereza. Halafu anamgeukia mwandishi wa habari hizi, aliyekaa kiti cha mbele, na kuyarudia kwa Kiswahili, kana kwamba mwandishi naye ana macho ya mtu wa kugusa mawe.

Borafya ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Paje, na kazi hii anaifanya mwaka wa nne sasa. Safari moja humpa shilingi ishirini, mafuta juu ya Bwana Darwesh. Si haba, anasema, ila onyo la mawe ni jipya.

"Mwanzo nilikuwa nawaambia habari za jua na miba ya baharini. Mawe sikuwaambia. Nani anaambiwa jiwe? Kwetu mtoto akianza kutembea ashajua jiwe la mtu haliguswi."

Chini ya mawe hayo, yanayoyakandamiza topeni yasielee, wanawake wa Paje hufukia makumbi ya nazi. Yakikaa miezi katika tope la bahari hulainika, hufukuliwa, hupondwa, na kutolewa usumba wa kusokotea kamba. Mwaka jana familia moja aliyoileta Borafya iliyaondoa mawe ya mashimo mawili, ikajenga kibwawa cha watoto kuchezea. Maji yalipojaa, makumbi yakaelea yakenda zake.

Mashimo hayo yalikuwa ya Bi Mwatum, shangazi yake.

"Huyo ndiye aliyenilea," anasema, gari likiingia msitu wa Jozani. "Mama yangu alifariki mimi mdogo. Kamba za huyo bibi ndizo zilizonivisha, na ndizo zilizomlipa fundi wa mjini akanifundisha gari. Halafu miye ndiye nimletee watu wa kumharibia. Sikufichi, naona haya mpaka leo."

Bwana Darwesh alitaka kulipa, yaishe. Bi Mwatum akazirudisha fedha kwa mkono uleule uliozileta. Paje mgeni ana mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyemleta. Bibi akamtaka Borafya afukie makumbi mengine kwa mikono yake, kazi ambayo mwanamume wa Paje haishiki. Mpaka yafukuliwe na yaonekane yameiva, asitie mguu jikoni kwake.

Borafya akakunja suruali akaingia topeni. "Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini," anakumbuka. "Mmoja akaniuliza nitakuja lini kutiwa hina."

Kicheko alikistahamilia. Kilichomshinda ni kimya cha shangazi yake.

"Shikamoo, marahaba, basi. Mtu ambaye zamani hata salamu hajaimaliza ashaniuliza nimekula nini."

Na leo, maji yakishakupwa, mashimo yanafukuliwa. Ndiyo maana kioo kimepanguswa mara tatu.

Njiani anaitaja hamu yake, kwa sauti ya chini. Bi Mwatum hajapata kuiona ndege ikiwa chini. Borafya anataka ampeleke Kisauni siku moja. "Nimkalishe kiti cha nyuma, nimfungulie mlango kama nnavyowafungulia wengine."

Paje maji yamekwenda mbali. Wageni wanaonyeshwa nyumba yao, na Borafya anaviacha viatu garini. Huko topeni Bi Mwatum, kanga kaifunga kiunoni, ameshaanza kuondoa mawe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Anachomoa kumbi, analinusa, analiweka juu ya jiwe na kulipiga kwa gongo. Nyuzi zinaachana vizuri, ndefu. La pili vilevile. Borafya anapumua.

Shimo la pili haliko hivyo. Makumbi yake ni magumu, gongo linadunda juu yake.

"Huku uliweka mawe machache."

"Niliogopa kuchukua mawe ya watu."

Wanawake walio karibu wanaangua kicheko. Bi Mwatum hacheki. Anatazama ufukweni, ambako mwalimu na mkewe wanatembea, mikono nyuma, wakiyazunguka mafungu ya mawe kwa mbali.

"Wale ni wako?"

"Wangu."

"Nimewaona." Anayasukuma makumbi magumu kwa mguu. "Haya yarudi shimoni. Na safari hii weka mawe ya kutosha."

Borafya anainama. Hakuambiwa kama amesamehewa, wala hathubutu kuuliza. Anapanga jiwe juu ya jiwe, na anapomaliza tope limemfika magotini. Ndipo anapomwambia ile habari ya Kisauni, haraka haraka, macho yakiwa chini.

Bi Mwatum anafunga usumba wake.

"Miye nende nikaone ndege," anasema, "na hayo makumbi yako nimwachie nani?"

Anajitwika mzigo, anaanza kupanda ufukweni. Hajafika mbali, anasimama bila ya kugeuka.

"Borafya."

"Naam, shangazi."

"Umekula nini leo?"