Kuku wa uani kwa Bi Esha: mji mzima ulishindwa kuitaja mbegu yake

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine nawasabahi pia.

Juzi mdau mmoja alitupia hapa picha ya kuku wake wa uani, akauliza ni mbegu gani. Majibu yakamiminika. Huyu kasema kuchi, yule kasema chotara wa kizungu, mwingine akamshauri amtie sufuriani tu yaishe. Nilicheka, halafu nikakumbuka kisa cha kwetu ambacho sijapata kukiandika mahali.

Mimi sikukiona. Nilikisikia kwa bibi yangu mzaa baba, Rukia, aliyekiona akiwa kigori. Bibi hakuwa mtu wa chumvi. Pale asipojua alisema "hapo sijui", na mimi nitawaambia hivyo hivyo.

Tuanze.

Ni Mombasa, Mji wa Kale, enzi zile reli ya bara imeshaanza kazi, na wakubwa wa serikali waliokaa Kizingo wakija mjini kwa vitoroli vinavyosukumwa na watu juu ya vyuma. Babake bibi, Mzee Omari, alikuwa mshona kofia. Mamake, Bi Esha, alifuga kuku wachache uani.

Uani ndio roho ya nyumba zetu za zamani, kwa asiyejua. Mbele kuna mlango na baraza za wanaume, nyuma ndiko kwenye kisima, jiko, kamba za nguo na kuku. Uani wa Bi Esha ulipakana na uani wa Bi Salma. Ukuta ulikuwa mmoja, huku kwao, kule kwa mwenzao.

Bi Salma alikuwa wa ukoo wa Kiarabu waliokaa Mombasa miaka na miaka. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa kwenda bara. Yeye na Bi Esha walikuwa kama ndugu. Pilau ikipikwa huku, kule wanakula. Wakiwa na neno la siri walisimama kila mmoja upande wake wa ukuta wakanong'onezana.

Sasa, yule mume katika safari yake ya mwisho alirudi na kanga dume. Si leso wakuu, nasema yule ndege wa madoadoa. Alimletea mkewe kama zawadi. Haukupita muda, homa ikamchukua. Bi Salma akabaki na eda, nyumba kubwa, na kanga.

Bibi alisema Bi Salma alikuwa akimlisha yule kanga kwa kiganja. Watu wakamwona kama amepungukiwa. Lakini Bi Esha hakucheka hata siku moja.

Kisha kanga akapotea.

Akatafutwa mtaa mzima, hakuonekana. Na mtu mmoja (bibi alikataa kunitajia jina lake mpaka anakufa) akamwendea Bi Salma akamwambia aliona manyoya ya madoadoa uani kwa Bi Esha. Na manyoya yalikuwapo kweli. Yule kanga alikuwa na mazoea ya kuruka ukuta akaja kudonoa na kuku, kila mtu nyumbani alijua.

Lakini mwenye uchungu hasikii maelezo. Bi Salma alisimama juu ya ngazi upande wake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani wote:

"Esha! Mume wangu amekufa, na hicho alichoniwachia mmekila!"

Bi Esha alikuwa anaanika nguo. Bibi alisema mamake aliendelea kuanika nguo ile ile moja, anaitoa, anaianika tena.

Tangu siku hiyo ukuta ukawa ukuta. Ikaja Ramadhani, sahani za futari hazikuvuka. Wakikutana ndiani, kila mmoja anatazama upande wake. Ukishaitwa mwizi wa mali ya mjane kwenye mji mdogo kama ule, hata ukienda kuzika watu wanakupishia nafasi kubwa.

Turudi kwa kuku.

Siku zile zile za kanga kupotea, tembe mmoja wa Bi Esha alikuwa ameatamia. Mayai yakaanguliwa, isipokuwa moja. Bi Esha alitaka kulitupa, akaliweka sikioni, akasikia kitu kinagonga. Akalirudisha. Siku chache baadaye likapasuka.

Kifaranga kikatoka kirefu cha miguu, cha rangi ya majivu. Nduguze wakilia, chenyewe kimenyamaza. Kikasimama kando kinatazama.

Kikakua. Na kadiri kilivyokua ndivyo watu walivyozidi kuchanganyikiwa.

Hakikuota kilemba. Hakikuota ndevu. Kichwa kidogo, shavu limeingia weupe wa ngozi tupu. Mgongo umepinda kama wa mtu aliyebeba gunia. Mkia umeinamia chini. Manyoya ya kijivu yenye vialama vidogo vidogo vilivyofifia, kama leso iliyofuliwa mara nyingi. Umbo lake likapita la kuku wote wa mle ndani. Hakuwika. Hakutaga. Hata kulia hakulia.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Shee wa Bondeni, mtu wa majogoo ya kupigana. Alimshika, akampapasa miguu, akasema bila kusita, "Huyu kuchi. Tizama urefu huu." Akamtupia jogoo wake mbele yake. Ndege akamtazama jogoo, akapita, akaenda kunywa maji. Mzee Shee akasema basi si kuchi.

Mwingine akasema ni bukini, wale kuku wasio na mkia. Lakini mkia anao. Mwingine akasema kishingo, kwa ajili ya ngozi tupu ya shavuni. Lakini shingo ina manyoya. Baharia mmoja aliyefika hadi Bara Hindi akasema kule wapo kuku wa kila namna, ila wa namna hii hakumwona.

Halafu likaja lile baya. Wakasema huyo ni mtoto wa tai, na ukimla umekula haramu. Wengine wakasema si kuku huyo, hilo ni jambo, mtu ametupiwa uchawi. Na mwizi si ndiye hutupiwa?

Mnaona lilipokwenda wakuu? Kuku asiyejulikana akawa ushahidi.

Mzee Omari akachoka. Alisema, "Mchinjeni." Bi Esha akajibu, "Mpaka nimjue ni nani."

Asubuhi moja bibi alikuwa anafagia uani. Nje, kwenye kichochoro, akapita Mgiriama mmoja mwenye kuuza ndege, ametoka Mwembe Tayari, amejitwika tenga la kanga. Na kanga mnawajua, hawana siri. Wanapiga kelele ile yao ya kukwaruza, *kekeke-kekeke*, mtaa mzima unaamka.

Yule ndege akainua kichwa.

Bibi akifika hapa alikuwa anaacha kila anachofanya. Kama anapepeta mchele, ungo anauweka chini.

Alisema ndege aliruka juu ya ukuta, akanyoosha shingo, mwili mzima ukamtetemeka. Akafungua mdomo. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili ikatoka sauti. Inaanza kama ya kanga, ile ile ya kukwaruza, halafu katikati inavunjika, inashuka chini na kuwa mlio wa tembe anayeita vifaranga vyake. Kisha tena. Na tena. Kama mtu aliyekaa miongo bila kusema, na lugha ya kwanza aliyoisikia akagundua anaijua nusu.

Kanga wote ndani ya tenga wakanyamaza.

Bi Esha alitoka jikoni na unga mikononi.

Mwuzaji naye akasimama mlangoni, akaita, "Mwauza kanga wenu?"

"Hatuna kanga," Bi Esha akamjibu. Halafu akageuka kumtazama ndege wake. Akasema, "Hebu teremsha tenga."

Likateremshwa. Bi Esha akainama, akatazama ndani, akatazama ukutani. Shavu lile lile jeupe. Mgongo ule ule. Akamwita binti yake aje, "Rukia, ndoo hapa. Tizama kwa mato yako, kisha uniambie kama nimerukwa na akili."

Bibi akatazama. Akamwambia, "Hujarukwa, mama."

Mwuzaji alipokwenda zake walifunga mlango. Mzee Omari alipoelezwa, alikaa kitako kwenye mkeka. Akafurahi? La. Aliogopa.

"Esha, funga mdomo. Huyu ni mtoto wa kanga wa Salma. Watu wakimjua, watasema hii hapa hoja, kanga alikuwa uani kwetu. Mchinje leo hii tumle, yaishe."

Bi Esha akasema, "Tukimla huyu, ndipo tutakuwa tumemla kweli."

Akanawa unga. Akavaa buibui, akamchukua ndege akamweka kifuani ndani ya buibui, akatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe, huku watu wa barazani wanatazama. Bibi akamfuata nyuma.

Akapiga hodi kwa Bi Salma. Kimya. Akapiga tena. Mlango ukafunguliwa, na wanawake wawili ambao hawajasemezana tangu kanga apotee wakasimama uso kwa uso.

"Salma, sikuja kuomba radhi," Bi Esha akasema. "Kanga wako sikumla, naapa kwa aliyeniumba. Ila kuna mtu nimekuletea umwone."

Akafungua buibui. Ndege akashuka sakafuni. Akatembea hatua chache, kisha akakimbia kile kikimbio cha kanga, kichwa mbele, mgongo umekunjwa, mpaka kona ya sebule. Akageuka. Akalia ile sauti yake ya nusu kwa nusu.

Bi Salma akashika mwimo wa mlango.

"Subhanallah," akasema. "Subhanallah. Esha, hiyo ni sauti yake."

Alikwenda akapiga magoti, akamnyooshea kiganja kitupu. Ndege akakidonoa taratibu, akakaa pale pale. Bi Salma akamgusa shavu kwa kidole kimoja, akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia tangu eda.

Walikaa chini wote watatu. Bibi alisema walimtazama tu jinsi manyoya ya kuku yanavyoingia kwenye manyoya ya kanga bila mpaka kuonekana.

Mwishowe Bi Salma akapangusa uso. "Marehemu alikuwa akipakia mizigo mgongoni mwa baghala. Babake punda, mamake farasi, na sote twamwona kila siku, hatushangai. Kumbe Mola afanya hivyo hata kwa vidogo, uani, nyuma ya ukuta, wala hatwambii."

Kisha akauliza, "Na wewe ukamlea siku zote hizi?"

"Nimemlea. Sikumjua ni nani."

Bi Salma akainamisha kichwa. "Mimi nilikujua wewe ni nani, Esha. Na bado nikakusema."

Wakuu, bibi alikuwa akinisimulia haya akiwa na zaidi ya miaka themanini, na bado hapo alikuwa akiyarudia maneno hayo mara mbili.

Siku ya pili Bi Salma mwenyewe alipanda ngazi, akawaita majirani wale wale, akawaambia alimdhulumu mwenzake. Watu wakaja kutoka Bondeni kumwona ndege, hadi wazee wa misikitini. Walioingia wanacheka walitoka wakimtaja Mola. Mzee Shee alimshika tena, akamrudisha chini taratibu kama kitu cha kuvunjika, akasema, "Nimeshika kuku maisha yangu yote. Leo nimeona kuwa sijawaona."

Na yule kanga baba? Hapo bibi alisema hajui. Paka, mwewe, mtu. Haijajulikana mpaka leo.

Ndege aliishi miaka kadhaa. Hakupata mwenza, hakuacha mtoto. Niliwahi kumuuliza bibi walimwitaje. Akanambia hawakumpa jina. "Kila tulipotaka kumwita, tulimtazama kwanza, na tukimtazama tukasahau kuita."

Nilichojifunza mimi: usichokijua, usikipe jina haraka, hasa jina baya. Chukua muda umtazame. Na ukishamjua, hata kama kumjua kutakutia hatarini, mpeleke kwa mwenyewe mchana.

Ni hayo tu wakuu. Wafugaji mliomo humu, kuna aliyepata kuona kanga na kuku wakizaana? Aliyesikia sauti ya mtoto wao naomba aniandikie ilivyokuwa, kwa maana mimi nimeisikia kwa mdomo wa bibi tu, na natamani kujua kama aliipatia.