Picha ya Namba Sita

Kwa miaka ishirini na mbili wanawake walimwita Bi Taratibu, maana ndilo neno alilomnong'oneza kila mzazi sikioni: taratibu, mwanangu, taratibu. Asubuhi hiyo utaratibu wenyewe ulikuwa umemkimbia. Alishaitazama saa ya ukutani mara kumi, na hata saa tano ilikuwa haijagonga.

Zahanati yao haikuwa na daktari. Ilikuwa na mashine ya altrasaundi, tableti moja, na mkunga huyo. Akitilia shaka tumbo, alituma picha kwa mtandao kwa daktari bingwa wa nchi jirani, na jibu lilirudi mama akiwa bado anavaa viatu. Sasa mkataba ulioruhusu picha za wagonjwa kuvuka mpaka ulikuwa unakwisha saa sita mchana, na wajumbe wa nchi zote mbili walikuwa bado wanavutana mkutanoni: picha zitunzwe wapi, na nani anufaike zikitumika kufundishia kompyuta? Bi Taratibu hakuuona ubishi huo kuwa wa kipuuzi. Tumbo la mtu si tangazo la kubandikwa kila ukuta. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wale walikuwa na muda wa kushiba.

Namba sita kwenye foleni alikuwa mwanamke mpole aliyeanza safari kwa miguu tangu alfajiri. Kwenye skrini Bi Taratibu aliona kivuli chini ya mtoto, mahali ambapo kondo la nyuma likikaa huziba njia ya mtoto, na mama huweza kutokwa damu mpaka kufa. Namba saba alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, aliyekwisha kuharibikiwa na mimba mbili. Akaona kivuli kile kile. Moyo ukamlipuka.

"Mama, umeona nini?" mkwe aliuliza.

"Hakuna kitu, mwanangu," alidanganya.

Mtandao ulikuwa unajikokota. Picha moja ilihitaji dakika kumi kwenda. Ilikuwa saa sita kasorobo. Siku zote alituma kwa kufuata namba, na hata mke wa mwenyekiti wa kijiji aliwahi kukaa kwenye benchi akinuna mpaka zamu yake ikafika. Akamgeukia namba sita bila kumtazama machoni.

"Mwanangu, utampisha huyu kidogo?"

"Apite tu, mama. Mimi sina haraka."

Jibu lilifika zikiwa zimesalia dakika tatu. Kondo liko salama, mama atajifungulia hapo hapo. Mkwe alimrukia shingoni akilia, naye akalia pia, kwa furaha isiyo na haya hata kidogo. Kisha akajifuta uso na kubonyeza picha ya namba sita. Mstari wa kutuma ulifika katikati, ukasimama. Yakatokea maandishi mekundu: haiwezi kutumwa nje ya nchi. Akabonyeza tena, na tena. Redioni walisema wajumbe wamekwenda kula, watarejea mezani wiki ijayo.

Hospitali yenye bingwa ilikuwa mwendo wa siku mbili, na mimba ya namba sita ilikuwa imebakiza siku chache.

"Yangu imesemaje, mama?" namba sita aliuliza, akiinama kwa shida kufunga viatu.

Bi Taratibu alilitafuta neno lake la miaka yote, likagoma kutoka.

"Yako haikwenda, mwanangu," alisema. "Nilimtanguliza wangu."