Gauni la Mchukuzi

Huko Mgeta mtu hasifiwi nguvu kwa kupanda mlima. Kupanda, hata mbuzi hupanda. Husifiwa kwa kushuka na mzigo kichwani asubuhi ya mvua, njia inateleza kama bamia, naye asianguke wala asimkanyage aliye mbele yake. Modesta alikuwa akishuka hivyo tangu hajavunja ungo. Akitua mzigo, alishika jembe na kulima miteremko ambayo mgeni angeiogopa hata kuitazama. Kwa hiyo alipofikia umri wa kuitwa mama, ijapokuwa hakuwa na mtoto wala mume wa kumsema, shingo yake ilikuwa nene, mabega yamejaa, na katikati ya mgongo wake palikuwa na mfereji ambao shangazi zake walisema ungetosha kunyweshea njegere.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu kuliko kazi: kuuliza. Aliuliza kwa nini jogoo hufumba macho akiwika. Aliuliza kwa nini padre hupaza sauti akisoma na huishusha akisali, ilhali Mungu si kiziwi. Masista wa misheni walimfundisha kusoma, nadhani kwa tumaini kwamba vitabu vitamjibu wao wapumzike. Wapi! Kila kitabu kilimwongezea maswali.

Reli ilikuwa imekwisha fika Morogoro, na wachukuzi wa Mgeta walikuwa wakiteremsha ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka ngozi ngozi ambayo Wadachi walikuwa wakiyachimba milimani. Waliupeleka katika ofisi ya kampuni moja karibu na stesheni, ukapimwa, ukapakiwa kwenye gari la moshi. Wachukuzi wengi walikuwa wanawake, na kila siku ya kupima palizuka ugomvi, maana karani hakujua Kiluguru, na wanawake wale hawakuwa tayari kumwamini mtu asiyeweza hata kuwaamkia. Aliyetuliza mambo ni Modesta. Siku moja Bwana wa ofisi, Mdachi mwenye masharubu mekundu asiyependa kelele, alimkuta ameinama mbele ya mizani akiwasomea wenzake uzito wa kila mzigo. Akamtazama kitambo, kisha akasema karani wa mizani sasa awe huyu.

"Lakini ofisini hapana kaniki," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Gauni. Mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni. Hapana gauni, hapana kazi."

Modesta aliitaka sana kazi ile. Kwa miaka yote alikuwa ameubeba ulanga, na hakuna aliyepata kumweleza Wadachi wanaufanyia nini huko kwao. Mchukuzi akiuliza hufukuzwa kama nzi. Karani akiuliza, huenda akajibiwa.

Akaanza dukani kwa Mhindi. Gauni la kwanza, mikono ilipanda mpaka kwenye kiwiko ikakataa katakata. Mwenye duka akaleta kubwa zaidi. Likaingia mabegani kwa shida, lakini kiunoni lilibaki tupu, angeweza kumkaribisha jirani. Modesta akasimama akilitazama, akiwa hajakasirika, anashangaa tu. Aliyeshona nguo hizi, alijiuliza, huwa anamwona nani mbele yake? Mwanamke mnene wa kila mahali alikuwa amemfikiria, na mwembamba wa kila mahali pia. Aliyebeba mzigo hakumfikiria.

Mdogo wake, Theresia, aliyeolewa Kilakala na ndiye aliyemkaribisha mjini, akamwazimia gauni la mama yake wa ubatizo, mama wa mwili hasa. Modesta akiwa amesimama wima, mikono chini, lilimkaa vizuri ajabu. Asubuhi akaingia ofisini amesimama wima, mikono chini. Mzigo wa kwanza ukaja. Akauinua kuutundika kwenye ndoano ya mizani, na mgongo wa gauni ukapasuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, kwa mlio uliosikika hadi barazani.

"Nguo ya kuazima haisitiri!" akapiga kelele mmoja wa wachukuzi, na akaimalizia methali mpaka neno lake la mwisho, ambalo mimi sitaliandika. Wanawake wakacheka hadi wakatua mizigo. Bwana hakucheka, na hilo ndilo lililomtia Modesta hofu. Akamwambia arudi Jumatatu na nguo nzima. Asipoweza, nafasi ataichukua Stefano, mpwa wa katekista, kijana mwembamba ambaye shati lolote lilimtosha na Kiluguru chochote kilimshinda.

Dawa ilijulikana: fundi. Na fundi wa mjini alikuwa Mwinjuma, mshona kanzu, mwenye cherehani yake barazani karibu na soko. Mwinjuma alikuwa mtu wa heshima, hakumgusa mwanamke wa watu. Wanawake walipimwa ndani na mkewe, Chausiku, kwa kamba yenye mafundo, naye aliletewa kamba tu. Modesta aliporudi Kilakala kumweleza mdogo wake habari hii njema, alimkuta mjomba wao Alois ameketi mlangoni, ameshuka kutoka Mgeta kuja kuona huo ukarani ni kitu gani. Na kwa Waluguru, mjomba akisema amesema. Baba alikuwepo pia duniani, lakini ukoo ni wa mama.

"Kamba?" akasema Mjomba Alois. "Mtu aliye hai hapimwi kamba. Kwetu kamba hupima maiti, ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Nani anakuchimbia weye?"

"Na Wazungu wanaopimwa nguo, mjomba, wote wamekufa?"

"Sijawauliza."

"Na kamba ikipita mkononi tu? Kaburi la mkono lipo?"

"Modesta!"

Hapo Modesta akaacha kuuliza. Hakuamini kwamba kamba ingemuua, lakini alimpenda mjomba wake, na alijua kwamba siku yoyote atakayougua mafua tu, mzee yule hatalala. Akaahidi kwamba kamba haitamgusa.

Sasa hapa wakafanya jambo ambalo mtu wa pwani angelisikia angefikiri ni mzaha. Katika ukoo, dada husimama mahali pa dada. Mmoja akikosa kufika msibani, mwenzake hulia kwa niaba yake na kilio huhesabiwa. Mmoja akiwa na kosa, mwenzake hupiga magoti na huyo mkosaji husamehewa. Kwa hiyo Theresia, ambaye mjomba hakumkataza maana hakuna aliyemtaja, akaenda kwa Chausiku akapimwa yeye. Ndugu wa tumbo moja, mwili si mmoja? Mjomba mwenyewe alipoelezwa baadaye aliona ni busara kubwa.

Busara hiyo ilipotoka cherehanini Jumamosi asubuhi ilikuwa gauni zuri la buluu, lenye vifungo mpaka shingoni. Lilimkaa Theresia kama alizaliwa nalo. Modesta lilimfika kwenye viwiko, likasimama pale pale lilipokwamia gauni la Mhindi.

Alikaa chini barazani kwa Mwinjuma, gauni mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akajisikia vibaya juu ya mwili wake. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia aitunze akachelewa kurudi. Theresia alitaka kulia kwa niaba yake. Mwinjuma, kwa aibu, akajifanya ana shughuli na kanzu ya mteja, akishona kijitambaa cha pembe nne chini ya kwapa.

Modesta akamtazama. Mazoea yana nguvu kuliko huzuni.

"Fundi, hicho cha nini?"

"Hiki? Cha kwapa. Mtu akisimama kuswali, akiinua mikono kwa takbira, kanzu isimpandie."

"Kwa hiyo kanzu inajua kwamba mtu atainua mikono."

"Ndiyo."

"Gauni kwa nini halijui?"

Mwinjuma akaiweka sindano. Alikuwa ameshona kanzu maisha yake yote na magauni machache ya wake wa makarani, na kila gauni alilishonea mwanamke aliyesimama kama mlingoti. Swali hilo hakuwahi kujiuliza. Alikuna ndevu, akamwangalia yule mwanamke, safari hii akiyaangalia mabega bila haya, kama anavyoangalia jora la kitambaa.

"Kamba umekatazwa," akasema polepole. "Kaniki je, umekatazwa?"

"Kaniki ninayo mwilini."

"Chausiku! Hebu lete ile kaniki kuukuu. Na miiba ya mlimao."

Chausiku, mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mumewe, akamwingiza Modesta ndani, akashusha pazia. Akamtandika ile kaniki mgongoni, akaipitisha mabegani, akamzungushia vipande mikononi, akibana kwa miiba kila mahali nguo ilipokutana na nguo. Alipofika begani akaliminya kwa kidole.

"Mwanamke weye, mabega haya umeyapata wapi?"

"Njiani."

"Njia gani hiyo, nami nimpeleke mume wangu!"

Kutoka barazani Mwinjuma akakohoa. Kisha akaamuru kupitia pazia: asisimame, afanye kazi. Modesta akainama, akaubeba mtungi uliojaa maji, akauinua juu ya kichwa. Mwiba ukachomoka ukaruka hadi kitandani.

"Umetoka wapi?" akauliza Mwinjuma.

"Mgongoni, chini ya bega!"

"Legeza hapo! Endelea!"

Akatwanga kinu kisicho na kitu. Akavuta gunia la mpunga. Akajinyoosha kushika boriti. Kila mwiba ulipochomoka, Chausiku alilegeza nguo na kubana upya, na ulipotulia, alipita juu ya mshono kwa mkaa. Walicheka, wakatoka jasho, na Theresia kazi yake ilikuwa kuokota miiba. Modesta alikuwa akiuliza bila kupumua: kwa nini mgongo unataka nguo nyingi kuliko kifua? Kwa nini bega la kulia ni kubwa kuliko la kushoto? Kumbe ndilo alilopokelea na kutulia mzigo siku zote. Alikuwa amekaa na mwili huo maisha yake yote na hakuna siku aliyoufahamu kama mchana ule, akiusoma kwa miiba. Ule uchungu wa barazani ulimtoka asijue umetokea mlango gani.

Kaniki ikavuliwa, ikakatwa kufuata mkaa, ikatandazwa juu ya kitambaa kipya cha buluu. Mwinjuma akapiga bandi, ile mishono ya muda, jioni ile. Kesho yake Modesta akaenda Misa, na fundi akaendelea na cherehani yake. Kila mtu na siku yake. Jioni gauni likawa tayari, na chini ya kila kwapa kuna kipande cha pembe nne.

Mjomba Alois akalizunguka mara nyingi, huku Modesta akiwa ndani yake.

"Umepimwa?"

"Sikupimwa, mjomba. Nilivaa kaniki, nikafanya kazi."

Mzee akatafuta kosa, hakuliona, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu Bwana wa ofisi alimwonyesha tu gunia kwa kidevu. Modesta akaliinua, akalitundika kwenye ndoano, akabaki ameinua mikono kitambo kuliko ilivyohitajika. Hakuna uzi uliolia. Bwana akasema, "Haya," akarudi mezani kwake, na Stefano akaenda kutafuta kazi nyingine. Kwa furaha Modesta alitamani kuinua gunia la pili bila sababu.

Kisha wachukuzi wakafika. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mama Severini, jirani yake wa Mgeta, mwanamke wa umri wa mama yake. Ndiye aliyemfundisha kukunja ngata ya kichwani. Ndiye aliyetembea mbele yake mvua na jua, miaka yote hiyo, visigino vyake Modesta akivijua kuliko uso wake. Siku ya gauni la kuazima Mama Severini alikuwa mlimani, anaugua. Hakuwa na habari ya lolote. Alifika kizingitini, akaona gauni la buluu na vifungo vinavyong'aa, akainamisha macho sakafuni kama walivyofundishwa kuinamisha mbele ya watu wa ofisi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Modesta akahisi moto usoni. Kuitikia marahaba kwa mwanamke yule ingekuwa laana. Kujitaja jina lake mwenyewe hakuweza. Alikuwa amepigania gauni lile wiki nzima, na hakuna aliyemwonya kwamba likimkaa sawasawa litamfanya mgeni kwa watu wake.

Akatoka nyuma ya mizani. Akamwendea Mama Severini, akatanguliza goti moja, akaingiza bega la kulia chini ya mzigo, akauchukua kwa mgeuko mmoja wa taratibu, ule wanaotumia wachukuzi wenyewe wanapopokezana kwenye miteremko, mzigo unaondoka na shingo ya mwenzako haisikii hata kidogo. Gauni likamfuata, likainama alipoinama.

Mama Severini alikuwa bado anatazama sakafu. Akaigusa shingo yake.

"Modesta?"

"Ni miye, mama."

Mwanamke yule akainua macho. Akamtazama juu mpaka chini, akamshika chini ya kwapa, akakiminya kile kipande cha pembe nne. Kisha akakunja uso.

"Basi nirudishie shikamoo yangu."

"Shikamoo, mama," akasema Modesta, na machozi yakamtoka mbele ya Bwana, mbele ya mizani, mbele ya kila mtu.

"Marahaba, mwanangu," akaitika Mama Severini, na nyuma yake mstari mzima ukaanza kupiga kelele kwamba mizigo ni mizito, wataamkiana baadaye.