Barua Niliyoificha Ndani ya Biblia

Nakumbuka vizuri Jumamosi ile niliyocheza hadi kiatu kimoja kikarukia uani kwa jirani. Nilikuwa na miaka ishirini, naishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na baba yangu, sisi wawili tu, baada ya kukimbia kwetu Rumonge. Mtu wa ofisi ya kambi alikuwa ameniletea barua mbili kwa mpigo, zote za vyuo vya uuguzi. Zote zilisema nimekubaliwa, na kwamba nitasaidiwa kulipa. Mbili, mwanangu! Katika miaka ile ya tisini wengi wetu pale tulikuwa tunaomba hata moja.

Wewe unayeshika leo barua za namna hiyo, furahi. Sitakukataza kucheza, hata mimi nilicheza. Lakini nisikilize kidogo, kwa sababu nusura furaha yangu inipoteze.

Barua ya kwanza ilitoka chuo kikubwa mjini Lilongwe, upande wa Area 18. Karatasi yake ilikuwa nzito, yenye muhuri wa rangi. Ilisema nimepewa ufadhili wa sifa kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika mtihani wao wa kuingia, na chuo kitalipa karo yangu. Karo yote! Ya pili ilitoka chuo kidogo cha kanisa huko Nathenje, imepigwa chapa na mashine iliyochoka, kila herufi ya e imejaa wino. Hiyo ilisema nimepewa "msaada kwa mwanafunzi mhitaji".

Mhitaji. Neno hilo lilinichoma. Niliikunja barua nikaificha ndani ya Biblia, katikati ya kitabu cha Hesabu, ambacho sikudhani kuna mtu angekifungua.

Kesho yake kanisani baba akaomba nafasi ya tangazo. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliongea mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. "Mutoto wangu amepata bursi!" alisema, maana yake ufadhili. "Ya akili yake mwenyewe!" Wamama wakapiga vigelegele, nami nikainama kana kwamba naona haya, kumbe ndani nilikuwa nawaka kama taa.

Baada ya ibada Maman Nyota aliniita nyumbani kwake. Huyo alikuwa fundi wa kushona, mama mkimbizi wa Uvira, mwenye mwili mkubwa na sauti ya chini. Alitaka kunipima gauni la kwenda nalo chuoni, zawadi yake. Nilipoiweka Biblia mezani ili ninyanyue mikono, ile barua ikachomoza.

"Hii njo nini?"

"Si kitu, Maman."

"Kama si kitu, unisomee."

Ilikuwa ya Kiingereza, nikamtafsiria neno kwa neno, na nilipofika kwenye lile neno sauti yangu ikashuka. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema.

"Goreti, juzi tulikuwa pamoja mu mustari wa mgao. Ulikamata kopo yako, ukapokea mahindi, haukuona haya. Leo karatasi inakuita muhitaji, unaificha?"

"Maman, ile ya mjini ni ya sifa. Hii ni ya kuhurumiwa tu."

"Sifa itakupikia nsima?" Nsima ndiyo ugali wa kule.

Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kuchukua Biblia yangu niondoke. Lakini alikwisha kuvuta kiti kingine, akaniambia nilete na ile ya mjini, akazilaza zote mbili juu ya meza ya cherehani. Mama huyu aliacha shule darasa la tano. Chuo cha uuguzi hakuwahi kukiona hata kwa nje. Maswali aliyoniuliza, baba hakuyauliza, mchungaji hakuyauliza, wala mimi niliyekuwa wa kwanza kwenye mtihani.

"Ya mjini. Utalala fasi gani?"

Nikatafuta. Haikusema.

"Utakula nini?"

Haikusema.

"Na mwaka wa pili?"

Hapo nikageuza karatasi. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba ufadhili ni wa mwaka mmoja, na utaendelea iwapo nitabaki miongoni mwa watatu wa kwanza darasani. Nilikuwa nimecheza, nimetangaziwa kanisa zima, na sikuwa nimegeuza karatasi!

Tukasoma ya Nathenje. Kitanda, milo mitatu, sare, na robo tatu za karo, kwa miaka yote mitatu, alimradi nifaulu. Robo moja ya karo ingebaki juu yetu. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Baba yako anasema aje juu ya fasi ya kulala kule mjini?"

"Atauza baiskeli."

Baiskeli hiyo ndiyo iliyobeba nyanya za baba kwenda sokoni, ndiyo iliyotupa chumvi na sabuni. Maman Nyota akaweka kidole juu ya barua yenye muhuri wa rangi.

"Basi hiyo bursi," akasema, "ni baba yako njo atailipa."

Nililia. Kisha nikamwomba aniambie nichague ipi. Akakataa kabisa. "Mi siwezi kukuchagulia. Lakini barua si Neno ya Mungu, ni bantu njo banaandika. Enda ubaulize."

Kwenda kuuliza! Sikujua kama inaruhusiwa. Nilidhani barua ya chuo ni kama hukumu, unaipokea na kushukuru. Ruhusa ya kutoka kambini ilichukua hadi Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa alfajiri nikapanda matola, gari la mizigo linalobeba watu, nimeketi juu ya magunia, maswali yangu nimeyaandika kwenye kiganja.

Pale chuo cha mjini alinipokea mama mmoja wa Kimalawi, ndiye aliyekuwa akishughulikia usajili. Nikamwuliza kuhusu malazi, chakula, na lile sharti la nyuma ya karatasi. Nikamwonyesha barua ya Nathenje, nikasema, "Wenzenu wamenipa hivi. Ninyi mnaweza kuniongeza nini?" Yeye hakukasirika hata kidogo. Aliingia ndani, akakaa, akarudi anatabasamu: wangeniongezea vitabu. Malazi hawakuwa nayo, na sharti la kuwa miongoni mwa watatu lilikuwa la wote. Akaniambia pia, bila kunificha, kwamba wanafunzi wao wengi hupanga vyumba mtaa wa Area 36, na kodi yake. Ilizidi alichopata baba kwa mwezi mzima.

"Zikomo, mama," nikamwambia, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli.

Nilisimama nje ya lango. Wasichana waliovaa nyeupe walipita wakicheka, majengo yanang'aa, nami nilikitamani chuo kile kama mtoto anavyotamani mandazi. Lakini nilihesabu. Sikuhesabu tena wanachonipa, nilihesabu kitakachobaki kwetu kulipa, mwezi hadi mwezi, hadi siku ya kumaliza. Nikaondoka.

Matola ya Nathenje ilipasuka gurudumu njiani. Nilivua viatu nikakimbia, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikafika saa kumi kasoro, Sista mkuu wa chuo anafunga dirisha la ofisi.

"Nimekubali!" nikapiga kelele kabla hata ya kumsalimu.

Alicheka, akanipa maji, akaniketisha. Nilipopata pumzi nikamwambia ukweli, kwamba robo iliyobaki hatuna. Neno "mhitaji" nikalitamka mwenyewe, na halikuniua. Akauliza kama nina karatasi nyingine yoyote. Nikampa barua ya mjini.

"Ulikuwa wa kwanza?" Akavaa miwani, akasoma tena. "Mbona hukutuambia?"

Kumbe nao walikuwa na zawadi yao ndogo kwa anayefanya vizuri sana, na mwaka huo haikuwa imepata mtu. Akachukua kalamu, akakata ule mstari wa robo, akaandika pembeni kwa mkono wake kwamba nitawafundisha wenzangu hesabu kila Jumamosi. Akatia sahihi. Niliruka, mwanangu, nikamkumbatia mtawa wa watu na vumbi langu lote!

Baiskeli haikuuzwa. Na ngoja nikuambie jambo moja zaidi: mwaka wa kwanza, muhula wa pili, malaria ilinilaza wiki tatu, nikawa wa tisa darasani. Mjini ningerudishwa nyumbani. Nathenje waliniletea uji kitandani, nikapona, nikafaulu, nikamaliza, nikafanya kazi ya uuguzi hadi nywele zikageuka nyeupe.

Basi, mwanangu, barua zikija, zilaze sambamba na uzisome mbele na nyuma. Usivutwe na jina zuri wanalokuita, wala usikimbie jina linalokutia haya. Tazama kitakachobaki kwako kulipa, kwa miaka yote, si mwaka wa kwanza pekee. Tazama sharti, kisha jiulize, nikiugua itakuwaje? Wape wazazi wako hesabu nzima, maana mzazi mwenye furaha atauza chochote bila kukuambia. Halafu nenda ukaulize, kwa heshima na bila woga. Wanaoandika barua hizo ni watu, na wengi wao wanasubiri tu kuulizwa.

Mungu akufungulie mlango wa chuo unachokitamani. Akupe afya ya kusoma na walimu wenye utu, na siku utakapoitwa jina lako kupokea cheti, wanaokupenda wawe hai, wawe pale, na wapige vigelegele hadi sauti ziwakauke.