Duara la Vidole Gumba

Mwenzangu, mimi ni mtu wa kuona haya, na nyingi za haya zangu ni za upuuzi. Hii moja si ya upuuzi. Juzi nilipeleka gari Ghala, mtaa wa magereji hapa Maskati, kubadilishwa breki, nikamkuta fundi wangu, Mhindi wa makamo, amekaa juu ya tairi analia. Simu yake ilikuwa inaonyesha maziko ya mwanasiasa wa jimboni kwao. Nikainama kumpa pole, ndipo nikaiona picha iliyozungushiwa maua. Mzee, nywele zote nyeupe. Lakini sikio la kushoto lilikuwa na pengo dogo kwa juu, na pengo lile nnalijua tangu utoto wangu.

Kwetu sisi alikuwa karani tu. Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mimi nna miaka minane, tumetoka Unguja na mabegi mawili na cherehani ya bibi. Baba aliingizwa nchini kwa dhamana ya ami yake, na neno hilo tulilisikia asubuhi na jioni. Msipige kelele, tuna dhamana. Msigombane na watoto wa watu, tuna dhamana. Karani, Mhindi wa pwani ya Malabari, alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Aliandika barua katika duka la vitambaa, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Unguja, Kiswahili chake kilikuwa kitamu kumshinda baba. Alasiri bibi akikaanga maandazi huku analalamika kuwa nazi za Malabari hazina tui, sauti huitikia upande wa pili: "Bi mkubwa, usizitukane nazi za kwetu." Bibi atacheka, na sahani itakwenda.

Wakati ule mtoto wa kike hakuwa na skuli ya kwenda. Karani ndiye aliyenifundisha hesabu na herufi za Kizungu, barazani kwake, mbele ya macho ya bibi. Rafiki mwengine sikuwa naye. Watoto wa mtaani walikicheka Kiarabu changu, wakiniita Zinjibari, nami nikijifungia chooni nikiyarudia maneno yao peke yangu mpaka ulimi uchoke.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, kisima cha mtaa kikatiwa kufuli. Mkubwa mmoja wa pale aliyataka maji kwa bustani yake ya ndimu. Wanawake wakawa wanakwenda mbali na ndoo kichwani, na bibi yangu na magoti yake mabovu alikuwa miongoni mwao. Watu walinung'unika majumbani, basi. Karani akasema iandikwe barua kwa wakubwa. Ataandika yeye, lakini nani atatia jina la kwanza? Jina la kwanza ndilo la kiongozi, na kiongozi ndiye anayefukuzwa nchini. Karani akacheka. Akakifudikiza kikombe cha chai juu ya karatasi, mwisho wa barua, akakizungushia kalamu, akasema vidole gumba vyote vipigwe kufuata duara lile. "Haya, nionyesheni wa kwanza ni nani." Mimi nilichukua kidau cha wino nyumba kwa nyumba, na nilijiona mtu mkubwa khasa. Bibi naye alipiga kidole chake.

Siku ya nne wakaja askari wawili, barua mkononi. Wakauliza mlango kwa mlango aliyelianzisha jambo hili ni nani, na kila mtu hajui. Nilikuwa barazani nnapepeta mchele. Mmoja akanitazama, akamwambia mwenzake kwa Kiarabu, huku akicheka, kuwa huyu hana haja ya kuulizwa, hawa Zinjibari hata kusalimia hawajui.

Hakunitisha, hakunishika, hakunipa hata kipande cha halua. Nnatamani angenitisha. Niliinuka nikamjibu kwa Kiarabu, maneno yamenyooka, bila kukwama hata mara moja: aliyechora duara ni karani wa nyumba ile, na wino niliuchukua mimi. Yule askari akasema, "Mashallah, binti wa Kiarabu khasa huyu." Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha ile inaniuma kuliko maneno yenyewe.

Wiki ile ile karani akapakiwa meli ya Bombay. Alikuja kutuaga, bibi akamfungia maandazi kwenye kitambaa. Akaniambia kosa lilikuwa lake, alitumia wino wa dukani na rangi yake inajulikana. Lakini nisisahau kuwa mtaa mzima ulibanwa na hakuna hata mmoja aliyemtaja. Bibi alikuwa nyuma yangu. Siku ile ya askari alinisikia kutoka dirishani, na sasa alinifinya bega ninyamaze. Kisima kilifunguliwa siku chache baadaye, na maji yake tukayanywa.

Yaliyobaki amenieleza fundi kwa Kiarabu chake cha gereji. Karani alirudi kwao, akawa anawaandikia watu wa vijijini barua za kudai maji, zote kwa duara. Wakamchagua kuingia bunge la jimbo mara nne. Safari moja alishindwa, kwa kuwasema hadharani matajiri wa chama chake mwenyewe, kisha akarudi na kuwa waziri. Kijiji cha fundi kina maji kwa sababu yake. Na kila mkutano wa kampeni aliisimulia Maskati. Fundi ameyahifadhi maneno yake: "Siasa nilijifunza kule. Watu wageni, wenye khofu, hawakunitaja. Basi asiniambie mtu kuwa wanyonge hawaaminiki."

Mtaa ule umevunjwa, pale kisimani sasa watu wanaegesha magari. Waliopiga vidole wamekufa, bibi amekufa. Mimi nilisoma, nikafanya kazi wizarani, mtaa wa Khuwair, mpaka nikastaafu, na kila ilipofika mezani kwangu barua ya raia yenye alama ya kidole, nilimsukumia mwenzangu.

Fundi akapangusa macho. "Mama, wewe mtu wa zamani hapa. Wale majirani zake hukuwajua?"

Nikamwambia nilikuwa mdogo mno, sikumbuki.

Akasema haidhuru, angalau mimi ni wa zama zao. Akainama palepale penye mafuta, akanigusa miguu, kama wanavyowaheshimu wazee kwao. Nami miguu sikuirudisha nyuma.